Kutega kaa kwa lema: vua leo, kesho pabaki

Lema halimdai mvuvi mashua, injini wala mafuta. Linamdai ugwe, chambo na kuyajua maji. Ndiyo maana kando ya mikondo ya Gazi, Majoreni na Vanga, na hata kwenye gati la Shimoni, kijana aliyemaliza shule na bado hajapata kazi, mama anayeuza samaki wa kukaanga na mzee ambaye mgongo haumruhusu tena kwenda bahari kuu, wote wanaweza kupata kitoweo kwa kutega kaa. Mara nyingine hupatikana na karo ya shule.

Urahisi huo una upande wake wa pili. Chombo ambacho kila mtu anaweza kukitumia vizuri, kila mtu anaweza pia kukitumia vibaya. Kaa mmoja jike aliyebeba mayai akiingia sufuriani leo, mezani hupatikana kilo moja tu au pungufu. Kilichokosekana baharini ni mayai ambayo huweza kupita milioni moja. Mkondo ukivuliwa hivyo mwaka hadi mwaka, lema huanza kutoka tupu, na anayeumia wa kwanza ni yule asiye na mashua ya kumpeleka mbali zaidi.

Makala haya yanaeleza lema linavyofanya kazi, wakati mzuri wa kulitega, kaa na kamba mawe wanaofaa kurudishwa majini, na hatua za kufuata kabla ya mkaazi wa Kwale kushusha lema lake la kwanza.

Nani anaingia lemani?

Kaa anayetafutwa zaidi sokoni ni kaa wa mikoko, yule mkubwa mwenye rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na kahawia na magando mazito. Huishi kwenye matope ya mikoko na katika mikondo ya maji ya chumvi. Mchana hujificha shimoni au hujizika matopeni. Usiku hutoka kutafuta chaza, konokono wa bahari, kaa wadogo na mizoga ya samaki. Miguu yake ya nyuma imepanuka kama makasia, kwa hivyo pamoja na kutambaa, anaweza kuogelea.

Karibu na magati na kwenye mchanga hupatikana pia kaa wa kuogelea, ambaye gamba lake limechongoka pembeni kama mwiba na madume yake huwa na rangi ya samawati. Huyu ni mwepesi kuliko wa mikoko na hufa haraka akitolewa majini.

Kamba mawe ni habari nyingine. Wageni wengi wanaofika pwani wameona picha za wavuvi wa Marekani au Ulaya wakiinua malema yaliyojaa kamba wenye magando makubwa, nao hudhani hapa ni vivyo hivyo. Kamba mawe wa bahari yetu hawana magando hayo. Wana pembe ndefu mbili za kujikinga, miiba juu ya gamba, na huishi katika mapango ya miamba. Jamii yao kadhaa hazivutiwi sana na lema lenye chambo. Kwa sababu hiyo wavuvi wa pwani ya Kenya huwafuata kwa kuzamia, hasa msimu wa kaskazi maji yanapokuwa meupe. Mbinu inayojulikana sana Lamu ni ya kumsogeza pweza kwenye mdomo wa pango: kamba mawe humwogopa pweza, hutoka mbio, na mzamiaji humdaka kwa kimia. Kwa hivyo anayetega gatini ategemee kaa. Kamba mawe akiingia ni bahati yake.

Lema linavyofanya kazi

Wavuvi wa Wasini na Shimoni wamesuka malema tangu enzi za mababu kwa fito na mianzi. Siku hizi yapo pia ya waya na ya nyavu zilizovikwa kwenye fremu ya chuma. Umbo hutofautiana, lakini siri ni moja: mlango ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, mfano wa faneli. Kaa akifuata harufu ya chambo huongozwa na kuta za mlango hadi ndani. Akitaka kutoka, hutafuta njia pembeni na chini, wakati tundu liko katikati, juu ya kichwa chake.

Kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kununua au kusuka lema.

La kwanza ni uzito. Lema jepesi husukumwa na mkondo, chambo husambaa ovyo, na kaa haingii katika kitu kinachoyumba. Mawe mawili ya ukubwa wa ngumi yaliyofungwa chini hutosha kwa lema dogo mahali penye maji tulivu.

La pili ni mahali pa chambo. Chambo kikining'inia karibu na ukuta, kaa mjanja hukila kwa nje bila kuingia. Kifungwe katikati, ndani ya mfuko mdogo wa wavu, ili kitoe harufu kwa saa nyingi bila kumalizwa na samaki wadogo.

La tatu ni mwanya wa kutokea. Watafiti waliofanya kazi na wavuvi wa malema pwani ya Kenya wamejaribu malema ya samaki yenye mianya myembamba iliyosimama wima pembeni, yenye upana wa takriban sentimita 3. Samaki wachanga na wale wembamba hutoka, wakubwa hubaki. Kwa lema la kaa, wazo ni lilo hilo: tundu la chini pembeni linalompitisha kaa mdogo na kumzuia aliyekomaa. Mvuvi hapotezi kitu, kwa kuwa kaa mdogo bei yake ni ndogo na humpokonya mkubwa chambo.

Wapo pia wanaotumia wavu wa duara, yaani pete ya chuma iliyofungwa wavu chini na chambo katikati. Huu hulala bapa chini ya maji na hauna mlango. Mvuvi huuinua kwa haraka kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Faida yake ni kwamba asiyefaa hurudishwa papo hapo akiwa mzima, na wavu ukiachwa hauendelei kuua.

Mwezi, maji na urefu wa ugwe

Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kutojua maji. Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na kila siku nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo.

Jambo hili lina maana mbili kwa mwenye lema.

Kwanza, ni urefu wa ugwe. Tuseme chini ya gati pana kina cha mita 2 maji yanapokupwa, yakijaa huongezeka mita 3, na sakafu ya gati iko mita 2 juu ya maji ya kujaa. Hizo ni mita 7. Ugwe wa mita 7 utakakamaa, na mkondo ukivuta, lema litanyanyuka. Mvuvi mwenye busara huongeza karibu theluthi moja au zaidi, akatumia mita 9 au 10, kisha akafunga ugwe imara kwa fundo mbili. Aliyetega maji yakiwa yamekupwa kwa ugwe mfupi hurudi alfajiri akakuta lema linaning'inia katikati ya maji, na chambo hakijaguswa.

Pili, ni wakati wa kutega. Katika bamvua mkondo huwa mkali na malema huviringika, hasa kwenye mlango wa ghuba. Anayeanza ajaribu kwanza maji mafu. Saa nzuri ni jioni, kwa kuwa kaa hutembea usiku, na lema liinuliwe asubuhi na mapema. Ndani ya mikoko, wavuvi wengi hutega maji yanapoanza kujaa, kwa maana kaa hufuata maji yanapoingia kati ya mizizi kutafuta chakula.

Chambo kinachofaa ni chenye harufu na kisichosambaratika upesi: vichwa vya samaki, matumbo, ngozi za taa au papa. Hiki ni chambo cha kaa. Wavuvi wa malema ya samaki hutumia vingine, kama mwani na wanyama wadogo wa miambani, na kaa havutiwi navyo kwa kiasi hicho.

Wa kubaki na wa kurudishwa

Lema likiinuliwa, kazi ya kwanza ni kuchagua, na ifanyike pale pale gatini, si nyumbani.

Mgeuze kaa chali. Dume ana kifuniko chembamba tumboni, chenye ncha kama mkuki. Jike aliyekomaa ana kifuniko kipana na cha mviringo. Ukimwona jike mwenye shada la mayai chini ya kifuniko hicho, awe na rangi ya chungwa au ameanza kuwa kijivu kuelekea weusi, mrudishe. Mayai meusi yanakaribia kuanguliwa; amebakisha siku chache tu.

Kaa wa mikoko ana safari ambayo wengi hawaijui. Jike hupandwa akiwa ndio kwanza amejivua gamba, mwili ukiwa bado laini, huku dume likimlinda. Baadaye huondoka mikokoni na kwenda bahari ya nje kutaga. Vifaranga huelea kwa majuma kadhaa, wakibadilika umbo mara kwa mara, ndipo walionusurika hurudi kwenye mikondo na mikoko. Kwa hivyo lema lililotegwa kwenye mlango wa ghuba liko barabarani. Majike wanaopita hapo wanaenda kuleta kaa wa mwaka ujao.

Kamba mawe naye huchukua muda mrefu zaidi. Kifaranga chake ni bapa na angavu kama jani la kioo, na huelea bahari kuu kwa miezi kadhaa kabla ya kutulia mwambani. Jike mwenye mayai hutambulika kwa urahisi, maana huyabeba chini ya mkia. Katika jimbo la Maine nchini Marekani, mvuvi akimpata kamba mwenye mayai humkata alama ya V kwenye pezi la mkia na kumwachilia. Mvuvi mwingine akimpata mwenye alama hiyo, hata kama hana mayai siku hiyo, anajua huyo ni mzazi na hamchukui. Desturi hiyo hutegemea wavuvi wenyewe kuona mbele. Hapa hatuhitaji alama. Tunahitaji tu jicho la mwenye lema na moyo wa kumrudisha.

Wadogo nao warudi. Kipimo cha chini cha kaa na kamba mawe kinachoruhusiwa kuuzwa huelezwa na afisa wa uvuvi, na mizani ya ufuoni ndiyo mwamuzi. Mnunuzi anayekubali wadogo kwa bei ya kutupa hamsaidii mvuvi; anamnunulia mtaji wake.

Jihadhari na kaa mtupu

Kaa hakui kama samaki. Gamba lake halitanuki, kwa hivyo hulivua, akanyonya maji na kuvimba, kisha gamba jipya likakauka. Katika kipindi hicho anaonekana mkubwa lakini ndani ni maji. Mnunuzi mzoefu hubonyeza upande wa chini karibu na miguu ya mwisho. Pakibonyea, kaa hajajaa nyama, na bei huporomoka au humkataa kabisa.

Kuna njia mbili. Moja ni kumrudisha ajaze nyama mwenyewe. Nyingine ni kumnenepesha ndani ya kizimba mikokoni, kila kaa chumba chake, kwa sababu kaa wakiwekwa pamoja hulana. Kwa kulishwa vizuri, huwa tayari kwa majuma machache. Vikundi vya kijamii katika pwani ya Kenya vimewahi kufanya hivyo, na kikundi cha Dabaso katika Ghuba ya Mida, kaunti jirani ya Kilifi, kinajulikana kwa kuunganisha ufugaji wa kaa, mkahawa na ulinzi wa mikoko.

Mikoko ndiyo nyumba yenyewe. Mahali ilipokatwa, kaa hana shimo wala chakula. Wakaazi wa Gazi na Makongeni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na wa Vanga, Jimbo na Kiwegu kupitia mradi wa Vanga Blue Forest, wanalinda mikoko na kupata fedha za maendeleo kutokana na hewa ya kaboni. Mwenye lema naye yumo katika faida hiyo, hata kama jina lake haliko kwenye daftari.

Lema lililopotea linaendelea kuvua

Ugwe ukikatika, lema la waya au la plastiki hubaki chini likivua bila mwenyewe. Kaa aliyenaswa hufa kwa njaa, mzoga wake huwa chambo, mwingine huingia. Hali hii huweza kuendelea kwa miezi mingi. Lema la fito lilikuwa na hekima yake: lilioza.

Dawa ni rahisi na bei yake ni nafuu. Upande mmoja wa lema uachwe mlango, kisha mlango huo ufungwe kwa ugwe wa makumbi ya nazi badala ya nailoni. Lema likipotea, makumbi huoza, mlango hufunguka na kaa hutoka. Lisipopotea, mvuvi hubadilisha kipande hicho mara kwa mara anapokagua chombo chake. Aidha, kila lema liwe na alama au namba ya mwenyewe, ili likiokotwa lirudishwe.

Gati ni la watu wote

Gati la Shimoni ni njia ya wakaazi wa Wasini na Mkwiro, ya wagonjwa wanaokimbizwa hospitalini, ya watalii na ya shehena. Ugwe unaovuka mahali pa kufunga vyombo huweza kujisokota kwenye panga la injini na kukwamisha mashua yenye abiria. Kwa hivyo:

- Muulize msimamizi wa gati upande unaoruhusiwa kutega, na usitege penye ngazi au mahali pa kupandia.
- Ugwe ushuke wima kando ya nguzo, usielee juu ya maji.
- Usiache vichwa vya samaki na matumbo sakafuni. Huteleza, hunuka na kumwangusha mwenzako.
- Mtoto asitumwe peke yake kuinua lema usiku. Msimu wa kusi upepo ni mkali na sakafu huwa na maji.
- Usifunge ugwe mkononi au kiunoni. Lema zito likivutwa na mkondo humvuta na mtu.

Sheria inasemaje?

Uvuvi nchini huongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Anayevua ili kuuza anatakiwa kujiandikisha na kikundi cha usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, katika ufuo anakotolea mavuno yake, na kuwa na leseni. BMU ndiyo inayojua sehemu zilizotengwa na jamii ili samaki wazaane, na ndiyo husuluhisha wanapogombana wenye malema na wenye nyavu.

Lema ni chombo halali. Visivyo halali ni sumu, baruti, bunduki ya kuvulia samaki na juya la kukokota. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisite uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi, hata kwa lema moja la kitoweo. Eneo la Mpunguti lililo jirani huruhusu uvuvi wa kienyeji chini ya usimamizi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Asiyeijua mipaka aulize kabla ya kutega, maana bahari haina ua.

Afike sokoni akiwa hai

Kaa aliyekufa huharibika haraka na anaweza kumdhuru mlaji, hivyo asiuzwe wala asiliwe ikiwa haijulikani alikufa lini. Thamani yote iko katika uhai na ukamilifu wake: kaa aliyepoteza gando hushuka daraja.

Mshike kwa nyuma, mbali na magando. Mfunge magando kwa ugwe laini kabla hajaanza kupigana na wenzake. Mweke kwenye kikapu au ndoo yenye matundu, mfunike kwa gunia lililolowa maji ya bahari, na mweke kivulini. Akitunzwa hivyo, kaa wa mikoko huweza kuishi siku kadhaa nje ya maji. Usimtie katika mfuko wa plastiki uliofungwa, atakosa hewa. Kamba mawe asitiwe kamwe katika maji ya bomba au ya kisima. Maji baridi yasiyo na chumvi humuua.

Kwa mkaazi anayetaka kuanza, hatua ya kwanza ni kufika ofisi ya BMU ya ufuo ulio karibu naye au kwa afisa wa uvuvi wa kaunti. Aulize mambo manne: leseni, kipimo cha chini, sehemu zilizofungwa na upande wa gati unaoruhusiwa. Aende na lema lake likaguliwe. Ni afadhali kuelezwa kasoro ya lema likiwa bado kavu kuliko kunyang'anywa likiwa limejaa kaa.